Rangi ya Mwanzo

Nimelinunua Bopwe, ndani ya ghala la karafuu:
viti viwili, boneti ndefu kama pua ya papa,
kuku ametotoa pale palipokuwa na redio.
Warithi walikuwa saba. Kila mmoja alitaka
kwanza nilisifu, ndipo ataje bei.
Nikalisifu mara saba.

Likaja Machomanne juu ya gari la mchanga,
limefungwa kamba za makumbi,
watoto nyuma wakiulizana: nani kafa?
Salama akatoka na ungo mkononi,
akalizunguka mara moja.
"Wenzio huoa mke wa pili. Wewe umeoa kutu."

Tangu hapo, nikitoka skuli kufundisha jiometri,
navua shati la chaki, navaa la grisi.
Msasa, maji, kitambaa. Msasa, maji.
Nyeupe ilitoka kwanza, nyeupe ya harusi,
ingali na gundi ya maua ya karatasi.
Chini yake buluu, iliyopakwa kwa brashi ya ukuta;
unyoya mmoja wa brashi umekwama humo miaka arobaini.
Chini ya buluu, nyekundu ya kuzuia kutu
ambayo haikuzuia kitu.
Halafu, Alhamisi moja, baada ya alasiri,
kwenye ukingo wa mlango, kiasi cha ukucha,
ikachungulia rangi ya karafuu mbichi.

Nikaita watu. Nani aje kutazama ukucha?
Akaja Salama. Akatia mate kidoleni, akasugua.
"Ndiyo hiyo?"
"Ndiyo hiyo. Asili."

Neno hilo kwetu halitamkwi ovyo.
Uliza asili ya mtu barazani:
bao litasimama, kahawa itapoa,
kila mmoja atakumbuka ana mgonjwa wa kwenda kumtazama.
Mimi mwenyewe bibi yangu mmoja wa Micheweni,
mwingine alikuja na sanduku, hakusema katoka wapi.
Lakini gari, nilidhani, gari lina kitabu.

Kitabu kilifika kwa posta. Kurasa mia mbili,
kila skrubu ina namba yake, kama mtahiniwa.
Nikakifuata. Kabureta mbili nilizichemsha
kwenye sufuria ya biriani; sijasamehewa.
Vioo vya taa vilitoka Mombasa vimeviringishwa kanga.
Kebo ya klachi niliingoja miezi mitano,
iliposhuka Mkoani ilikuwa ya pikipiki.

Kisha nikalala chini, tochi mdomoni,
nikafika sakafu ya upande wa abiria.
Kitabu kinasema: bati, kipande kizima.
Palikuwa na kopo la samli,
limepasuliwa, limenyooshwa, limekunjwa ukingo
kama mshono wa kanzu ya Idi,
ribiti thelathini na mbili, hakuna iliyokwenda upande,
na ng'ombe wa kwenye kopo anatazama juu,
amenona, hana habari.
Pembeni, kwa ncha ya msumari: K. Shaame, 1971.

Kombo Shaame. Nilimdiriki.
Alikuwa akitengeneza karabai sokoni Wete,
hakuwahi kumiliki hata baiskeli.
Mwaka ule bati halikuwako, wala mchele;
mtu alitia kiraka kwa alichokuwa nacho
na akatia jina lake, chini, pasipoonwa na mtu.

Bati jipya ninalo. Limeegemea ukuta wiki ya tatu.
Kila nikishika patasi, ng'ombe ananitazama.

Jana jioni injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika.
Moshi mweusi, na ndani ya moshi harufu ya makonyo.
Kuku wa jirani wakapanda paani.
Salama akaja mbio, mikono ina unga,
akaketi bila ya kuambiwa, miguu juu ya ng'ombe.
"Twende basi."
"Breki sijazifunga."
"Mpaka pale kwenye mnazi tu."

Tukaenda mpaka kwenye mnazi.
Kusimama, alitusimamisha mnazi.
Bampa la mbele, lile la asili,
limepinda kidogo upande wa kushoto.